Tofauti ya pointi moja

Tarehe 13 Novemba 2016 mvua ilinyesha Interlagos, São Paulo, kama isiyotaka kukatika. Mbio za langalanga (Formula 1) za Brazil zilisimamishwa mara mbili kwa bendera nyekundu. Shughuli ya saa moja na nusu ikavutika mpaka saa tatu. Kwetu Mombasa ilianza saa moja usiku na kuisha karibu saa nne. Wengi wanaikumbuka siku ile kwa sababu ya Max Verstappen, aliyeporomoka mpaka kwa walio nyuma, kisha akawapita mmoja mmoja kwenye lami iliyojaa maji hadi akamaliza wa tatu. Mimi macho yangu yalikuwa kwingine kabisa. Nilikuwa nafuatilia gari la Sauber la Felipe Nasr na gari la Manor la Esteban Ocon, huko chini ambako kamera hufika kwa nadra.

Hali ilikuwa hivi. Msimu ule ulikuwa na timu 11. Manor, ndogo kuliko zote, ilikuwa na pointi moja tu, aliyoipata Pascal Wehrlein kwa kumaliza wa kumi kule Austria mwezi Julai. Sauber haikuwa na kitu. Kwa pointi hiyo moja Manor ilishika nafasi ya kumi, na nafasi ya kumi ndiyo iliyokuwa mpaka: aliyeishika alipata mgawo wa maana wa fedha za mashindano, aliye chini yake alibaki karibu mikono mitupu. Zilibaki mbio mbili. Manor haikuhitaji kushinda chochote. Ilichohitaji ni Sauber isipate pointi, au Ocon naye apate.

Ocon alikuwa ndani ya kumi bora, wale wanaopata pointi. Kijana wa miaka 20, kwenye mvua ambayo wakubwa wake walikuwa wakiteleza na kugonga kuta, alilishikilia gari lile mpaka mizunguko ya mwisho, ndipo wenye magari yenye nguvu wakampita. Akamaliza wa 12. Nasr akamaliza wa tisa. Pointi mbili kwa Sauber.

Mapema Januari 2017 kampuni iliyoendesha Manor iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kabla mwezi haujaisha, wafanyakazi 212 waliambiwa hakuna kazi tena. Haikupatikana timu nyingine ya kuziba nafasi yao, na langalanga ikaendelea na timu kumi.

Kuna jambo jingine linaloniuma katika habari hiyo. Nasr, aliyeiokoa Sauber, hakupata kiti mwaka uliofuata; mdhamini wake wa Brazil alikuwa amejitoa. Na Sauber ikamchukua nani? Ikamchukua Wehrlein, yule yule aliyeipatia Manor pointi yake ya pekee.

Kila nikizungumza na wapenzi wa mbio hizi nasikia hukumu moja: timu ndogo zilikufa kwa sababu zilikuwa mbovu, na mbio si mahali pa kuhurumiana. Nimezifuatilia timu hizi kwa muda mrefu na siikubali hukumu hiyo. Mwendo wa gari ni mambo ya uwanjani. Kifo cha timu hupangwa ofisini, katika namna fedha zinavyogawanywa na wakati zinapotolewa. Manor ni mfano mzuri kwa sababu ilikaribia kufa zaidi ya mara moja, na kila mara ukitazama sababu unakuta karatasi kabla ya kukuta injini.

Turudi mwanzo. Mwaka 2009 Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, alitaka kuweka kikomo cha matumizi cha pauni milioni 40 kwa mwaka. Alizialika timu mpya kwa ahadi hiyo. Watu wakafanya hesabu zao, wakaomba, wakakubaliwa. Kisha timu kubwa zikagoma, zikatishia kuanzisha mashindano yao wenyewe, na kikomo kikafutwa. Waliokwisha kuingia wakaachwa ndani ya mashindano ambayo kwa bei ile wasingeyaingia kamwe.

Matokeo yake yalionekana mapema. USF1 ya Marekani haikufika hata kwenye mbio za kwanza. Hispania ya Uhispania ilifika Bahrain Machi 2010 na magari ambayo hayajakamilika. Karun Chandhok aliliendesha gari lake kwa mara ya kwanza katika kipindi cha kufuzu, kipindi ambacho wenzake walikuwa wakitafuta sehemu ya mia ya sekunde baada ya majaribio ya majira yote ya baridi. Lotus ya Tony Fernandes, iliyokuja kuitwa Caterham, ilianza kwa heshima zaidi, lakini katika miaka mitano haikupata hata pointi moja.

Na ya nne ilikuwa Virgin, ambayo chini ya jina hilo la kibiashara ilikuwa timu ya John Booth, Manor, kutoka Dinnington, Yorkshire ya Kusini. Walikuwa watu wa mbio za madaraja ya chini waliokuwa wakiheshimika sana huko. Kwa kuwa handaki la upepo, mtambo wa kupimia umbo la gari, lina gharama kubwa, gari lao la kwanza lilisanifiwa kwa kompyuta peke yake. Likatoka na kasoro ambayo mpaka leo nikiifikiria nasikitika: tangi la mafuta lilikuwa dogo. Kwa mwendo kamili lisingeweza kufika mwisho wa mbio. Ikabidi waombe ruhusa ya FIA kubadilisha umbo la gari, watengeneze bodi upya, na kulipia kazi ile ile mara mbili, wao ambao hawakuwa na fedha ya kuilipia mara moja.

Hapa ndipo watu hucheka. Lakini timu tajiri ingeigundua kasoro hiyo mapema, kwa sababu ina watu wa kuhakiki kazi za watu. Maskini hukosa jicho la pili, na hilo humgharimu zaidi ya alichokuwa akiokoa.

Mimi nauza vipuri vya magari, kwa hiyo huu upande wa madeni nauelewa kwa ngozi yangu. Wateja wangu wachache hukimbiza magari ya rali wikendi. Anakuja mmoja siku tatu kabla ya mashindano, anataka shokabu za mbele, bushi, beringi za magurudumu, na nusu ya bei analipa sasa. Nusu nyingine mdhamini akilipa. Mdhamini naye ameahidi kulipa baada ya picha za gari kutoka gazetini. Kijana si tapeli. Ni kwamba fedha yake daima iko mwezi mmoja mbele ya mahitaji yake, na mimi kama nina ada ya shule ya watoto mwezi huo, ndiye ninayeibeba tofauti.

Langalanga nayo iko hivyo, ila kwa mamilioni. Sehemu kubwa ya fedha za timu ndogo hutoka kwenye mgawo wa haki za televisheni na ada za viwanja, na mgawo wa msimu huu hulipwa kwa mafungu katika msimu unaofuata. Lakini gari la mwakani linajengwa sasa, Oktoba na Novemba na Desemba, na anayetengeneza breki anataka chake sasa. Timu kubwa ina kiwanda cha magari au tajiri nyuma yake wa kuziba pengo hilo. Timu ndogo inaziba kwa mkopo, kwa mdhamini mwenye maneno mengi, au kwa dereva anayekuja na mfuko.

Kuhusu madereva wa mfuko nina neno. Watu wanawadharau, lakini Niki Lauda mwenyewe alianza hivyo: alikopa benki kununua kiti katika timu ya March na baadaye BRM mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Ferrari haijamchukua na kabla hajawa bingwa mara tatu. Mkosefu simwoni kuwa yule anayelipia kiti. Ninayemwonea huruma ni yule mwenye kipaji anayesimama nje kwa sababu timu iliyotaka kumpa nafasi haina budi kuuza nafasi hiyo ili ilipe umeme.

Mgawo wenyewe haukuwa wa haki. Ferrari ililipwa nyongeza kwa sababu ya historia yake, hata kama ingemaliza vibaya, na timu kubwa nyingine chache zilikuwa na malipo yao maalumu. Mwaka 2015 Force India na Sauber walipeleka malalamiko Tume ya Ulaya juu ya mpango huo. Wakati huo matumizi ya timu za mbele yalitajwa kuzidi dola milioni 400 kwa mwaka, na wa nyuma walikuwa wakijikongoja na robo ya hizo au chini yake. Kabla ya hapo, mwaka 2014, zilikuja injini mpya za mseto, zenye betri na mitambo ya kurejesha nishati. Kwa wenye viwanda ilikuwa maendeleo. Kwa timu ndogo ilikuwa bili mpya ambayo haikuwa na mjadala, maana injini huwezi kuitengeneza gereji ukasema tutaona.

Mwaka huo huo ndio Manor, wakati huo ikiitwa Marussia, ilipopata siku yake kubwa. Tarehe 25 Mei 2014, Monaco, dereva wake Jules Bianchi alivuka mstari wa mwisho akiwa wa nane, akashushwa hadi wa tisa kwa adhabu ya sekunde tano. Pointi mbili, za kwanza tangu timu iingie mwaka 2010.

Oktoba 5, Suzuka, Bianchi aliteleza kwenye mvua akagonga trekta lililokuwa likiondoa gari jingine. Hakuamka tena mpaka alipofariki Julai 2015. Wiki chache baada ya ajali timu yake iliingia ufilisi. Kwenye orodha ya wadai walikuwamo Ferrari na McLaren, na chini yao wafanyabiashara wadogo wa kawaida, watu wa aina yangu, ambao hakuna mtangazaji aliyewataja. Novemba ikafungwa. Jengo lake la Banbury likanunuliwa na Haas, timu mpya ya Kimarekani iliyokuwa ikijiandaa.

Caterham nayo ilianguka mwezi ule ule wa Oktoba. Zote mbili zikakosa mbio za Austin na Brazil. Caterham ikafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: wasimamizi wa ufilisi wakaitisha mchango kwa umma mtandaoni, wakitaka pauni milioni 2.35 ili timu ikimbie Abu Dhabi. Mashabiki wakachanga. Timu ikaenda, Will Stevens akafika mwisho wa mbio, na hiyo ikawa mara ya mwisho magari yale ya kijani kuonekana. Mchango wa mashabiki ulitosha kwa safari moja. Haukuweza kulipa deni la miaka mitano.

Lakini Marussia ilirudi, na iliyoirudisha ni zile pointi mbili za Bianchi. Kwa pointi hizo ilikuwa imemaliza 2014 ya tisa, mbele ya Sauber na Caterham, na nafasi ya tisa ilikuwa na fedha zake, mradi timu iwepo kuzipokea. Stephen Fitzpatrick, mfanyabiashara wa nishati wa Uingereza, akaweka mtaji. Machi 2015 walifika Melbourne kwa jina la Manor. Magari hayakutoka gereji. Kompyuta zao zilikuwa zimekwisha kufutwa wakati wa kuandaa mali kwa mnada, na gari la langalanga bila programu zake haliwaki hata liwe zima namna gani. Mafundi walikaa wikendi nzima wakijaribu kuyarudisha data mahali pake, huku magazeti yakihoji kama wamekuja kukimbia au kusaini mahudhurio. Waamuzi waliwasikiliza, wakakubali kwamba walijitahidi kweli. Mbio zilizofuata, Malaysia, Roberto Merhi alilifikisha gari lake mwisho.

Msimu mzima wa 2015 walikimbia na gari la 2014 lililorekebishwa na injini ya 2014. Walikuwa wa mwisho kila wiki. Na mimi kila wiki niliwatafuta kwenye jedwali kabla ya kumtafuta mshindi.

Kabla ya hawa kulikuwa na Minardi wa Faenza, Italia, ambao kwangu ndio kipimo cha timu ndogo inavyopaswa kuwa. Kuanzia 1985 hadi 2005 waliingia mbio 340 na kupata pointi 38 kwa jumla. Hawakupanda jukwaani hata mara moja. Lakini tazama waliopita mikononi mwao: Alessandro Nannini, Giancarlo Fisichella, Jarno Trulli, Fernando Alonso, Mark Webber. Wote hawa walikuja kushinda mbio wakiwa na timu nyingine. Alonso alianzia hapo 2001, kwenye gari lililojengwa kwa wiki chache baada ya Paul Stoddart kuinunua timu ikiwa ukingoni mwa kufa. Minardi walikuwa chuo, na chuo hakikulipwa karo.

Siku ninayoipenda zaidi ni ya Machi 2002, Melbourne. Mwanzoni mwa mbio magari mengi yaligongana yakabaki pale pale. Webber, Mwaustralia katika mbio zake za kwanza kabisa, nyumbani kwao, akajikuta wa tano na gari linalougua. Nyuma yake Mika Salo wa Toyota, timu yenye fedha zisizohesabika, anamkaribia kila mzunguko. Salo akakosea, akazunguka. Webber akamaliza wa tano: pointi mbili kwa hesabu ya wakati ule. Baada ya washindi halisi kushuka, Webber na Stoddart wakapandishwa jukwaani na umati ukawashangilia kama vile wao ndio walioshinda. Mwishoni mwa 2005 Red Bull ikainunua timu. Miaka mitatu baadaye, Monza, katika mvua, Sebastian Vettel akashinda mbio akiwa na timu ile ya Faenza, kwa jina la Toro Rosso. Mji ule ule, wengi wao watu wale wale, ila sasa mishahara inalipwa kwa wakati.

Hiyo ndiyo hoja yangu kwa wanaosema wadogo hawajui kazi. Watazame pia Force India wa Silverstone. Walimaliza wa nne mwaka 2016 na wa nne tena 2017, mbele ya McLaren na Renault zenye fedha kuwazidi mara kadhaa. Julai 2018 walikuwa kwenye ufilisi. Aliyechukua hatua ya kisheria ni dereva wao, Sergio Pérez, aliyekuwa akiidai timu. Alieleza kwamba nia ilikuwa kuokoa kazi za watu zaidi ya 400 kabla mdai mwingine hajaomba timu ifungwe kabisa. Kundi la tajiri Lawrence Stroll likanunua mali. Timu ikaanza upya Ubelgiji bila pointi, zile 59 ilizokwisha kuvuna zikifutwa kwenye jedwali. Leo ndiyo Aston Martin.

Mwaka 2021 kikomo cha matumizi kikaja hatimaye, dola milioni 145, miaka kumi na mbili baada ya Mosley. Pamoja nacho ukaja mgawo ulio bora kuliko ule wa zamani. Nakiunga mkono kwa moyo wote. Timu zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa sasa zina thamani kubwa mno, na siku hizi mfanyakazi wa timu ya kumi analala usingizi. Kinachonikera ni mlango. Mkataba ulioleta mgawo huo uliweka ada ya dola milioni 200 kwa timu mpya, igawiwe kwa zilizomo kama fidia ya kupunguziwa mgawo wao. Yaani wale kumi waliobaki baada ya Manor kuanguka ndio waliolindwa, na mtu kama John Booth, mwenye gereji nzuri ya mbio za chini na watu hodari, hawezi tena hata kubisha.

Booth na mwenzake Graeme Lowdon, waliosimama pamoja tangu siku za tangi dogo, waliondoka Manor mwishoni mwa 2015, mwaka mmoja kabla ya mvua ya Interlagos. Desemba 2024 Lowdon alitangazwa kuwa mkuu wa timu ya Cadillac, timu ya 11 iliyokubaliwa kuingia msimu wa 2026, na miongoni mwa madereva aliowasajili ni Sergio Pérez. Ada ya kuingia iliyotajwa kwa Cadillac ni dola milioni 450. Kwa hesabu ya haraka, ukichukua zile pauni milioni 40 kwa mwaka alizoahidi Mosley na kuzibadilisha kwa bei ya dola ya wakati ule, fedha hizo zingeiendesha timu ya Dinnington misimu saba. Manor ilikimbia langalanga misimu saba.